Una Uhakika Umezima Pasi?

Mtaani walimwita Narudi, na waliomwita hivyo walijiona wachekeshaji. Alikuwa dobi, mtu wa miaka hamsini na miwili, na kazi yake hakuna aliyeitia kasoro. Suruali iliyotoka kwake ilikuwa na mstari ulionyooka toka kiunoni hadi chini. Ndani ya kola ya kila shati alishona uzi mdogo wa rangi, kila mteja na rangi yake, na kwa miaka sita ya duka lile hakuwahi kumpa mtu nguo ya mwenzake. Huyo ndiye waliyemcheka.

Walimcheka wakati wa kufunga duka. Alichomoa plagi, akautundika waya kwenye msumari, akaisimamisha pasi juu ya tofali, akafunga mlango, akatia kufuli, akaondoka. Alipopiga hatua thelathini au arobaini, akifika penye meza ya muuza matunda, miguu ilikuwa mizito. Alisimama. Alisema, "Narudi sasa hivi," hata kama hakuna aliyemuuliza, akageuka. Alifungua kufuli, akaitazama pasi, akaigusa kwa kiganja, akaigusa tena, akatoka. Siku njema alirudi mara mbili. Siku mbaya alirudi mara saba, na watoto walihesabu kwa sauti, na watu wazima waliokaa barazani wakawasaidia kuhesabu. Watu wazima, wenye familia na akili zao timamu.

Tena walikuwa na methali ya kumtupia. Wasiwasi ndiyo akili, walimwambia, kisha wakapigana mabega kwa kicheko. Waongo. Akili huuliza swali, ikapata jibu, ikaenda kufanya kazi nyingine. Wasiwasi wa dobi huyu ulipata jibu, ukalitupa, ukauliza tena lile lile.

Swali lenyewe hakuzaliwa nalo. Alipewa na mtu, na mtu huyo alikuwa na ofisi yenye zulia. Kabla ya kuwa na duka lake, dobi alifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli na hospitali. Pasi zilikuwa kumi na mbili kwenye meza mbili ndefu. Soketi za ukutani zilikuwa zimelegea, nyingine zilitoa cheche ukizigusa, na wafanyakazi walisema. Walisema kwa mdomo, wakasema kwa barua, wakaambiwa fundi anakuja. Fundi huyo hakuonekana. Jioni moja dobi alitoka wa mwisho, na saa moja baadaye chumba cha pasi kikashika moto. Hakufa mtu, lakini dari ilianguka, na mlinzi aliungua mikono yote miwili akijaribu kuzima.

Kesho yake dobi alikalishwa mbele ya mkurugenzi na watu wawili waliokuwa wakiandika. Alieleza kwamba alichomoa plagi zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kama kila siku. Mkurugenzi hakufoka. Aliinama mbele, akauliza kwa upole.

"Una uhakika?"

Dobi alisema anao.

"Una uhakika kabisa? Hata ile ya mwisho, ya karibu na mlango?"

Dobi alijaribu kuukumbuka mkono wake kwenye plagi ya mwisho, asiuone. Nani angeuona? Nani anakumbuka jinsi alivyofunga kifungo cha tatu cha shati lake asubuhi ya leo? Jambo unalolifanya kila siku halina picha yake kichwani. Lakini pale ofisini, macho sita yakimtazama, alidhani ni yeye tu asiyekumbuka. Akasema, "Nafikiri nilichomoa."

Hilo neno "nafikiri" ndilo lililoandikwa. Ripoti ikasema moto ulisababishwa na pasi iliyoachwa na mfanyakazi, mfanyakazi akafukuzwa, bima ikalipa, kiwanda kikajengwa upya kikubwa kuliko cha kwanza, kwa nyaya mpya na soketi mpya kila ukuta. Kama kosa lilikuwa la dobi, soketi mpya zilikuwa za nini? Hakuna aliyeuliza. Watu walikuwa na swali moja tu, na walikuwa wameshamwachia yeye alibebe.

Akalibeba miaka minane. Mwanzoni lilikuwa la pasi, kisha likawa la jiko, la bomba, la mlango wa nyuma. Kila alipozima kitu, ile sauti ya upole ilimuuliza kama ana uhakika, naye alikwenda kutazama, akatazama, na kabla hajafika mbali sauti ikamuuliza kama ametazama vizuri.

Ushauri haukukosekana. Shemeji yake alimwambia ajikaze, mwanamume hababaiki. Jirani alimwambia amefanyiwa uchawi, na anamjua mganga wa kuuondoa. Wengine walimwambia aache kuwaza, basi. Aache kuwaza! Mtu aliyevunjika mguu haambiwi aache kuvunjika. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hawa walikuwa hawajalinyanyua hata hilo kanda.

Alijaribu ujanja wake mwenyewe. Alianza kubeba pasi. Aliisubiri ipoe, akaitia kwenye begi, akaenda nayo harusini, sokoni, hata msibani. Mtu mwenye pasi mapajani hawezi kuogopa kwamba ameiacha inawaka. Wiki ya kwanza alipumua. Wiki ya pili wasiwasi ukahamia kwenye soketi.

Mkewe alikuwa karani wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache. Kila alipoulizwa "hivi nimezima?" alijibu "umezima." Alijibu kwa huruma miaka ya mwanzo, baadaye kwa kuchoka, na mwishoni alijibu bila kuinua macho, hata kabla swali halijaisha. Walikuwa na mtoto mmoja, binti, na binti huyo alikua akidhani nyumba zote ziko hivyo.

Kisha yakaja mahafali yake ya sekondari. Binti alikuwa amepata zawadi ya sayansi, na wazazi wa wenye zawadi waliitwa jukwaani. Mama alipanda peke yake. Baba alikuwa ameshuka kwenye basi kituo cha tatu, akisema narudi sasa hivi, na aliporudi viti vilikuwa vinakusanywa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Binti alisimama getini na zawadi yake kwenye karatasi ya kumetameta. Hakulia wala hakununa. Alimwambia baba yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ameshaelewa.

"Pasi ndiyo mwanao," alisema. "Mimi ni mteja tu."

Siku hiyo dobi alilia, na hakuna aibu kulisema.

Alipomaliza kulia alitafuta njia, na njia aliyoipata ilikuwa kinyozi. Kinyozi na mwenzake walikuwa na duka ng'ambo ya barabara, hatua kumi tu, na dirisha la dobi halikuwa na pazia. Mtu akisimama pale aliiona meza, tofali, pasi, na waya kwenye msumari. Wakakubaliana: dobi asirudi tena, apige simu, kinyozi avuke barabara, achungulie, ajibu. Kinyozi alikubali kwa moyo mweupe. Basi dobi akawa anapiga. Alipiga akiwa nyumbani, akiwa njiani, akiwa anakula. Kinyozi alijibu, "Imezimwa, ndugu yangu," na dobi akatulia kwa robo saa.

Binti alikwenda chuo cha uuguzi. Mwaka wa pili alirudi likizo na hasira ambazo mama yake hakuzielewa. Walikuwa wamefundishwa darasani kuhusu ugonjwa wa kukagua na kukagua tena, na binti alikuwa amekaa pale na daftari lake akiona kama baba yake anasomwa kwa sauti mbele ya watu. Ugonjwa huu una jina, alisema. Una matibabu. Watu wazima mtaa mzima wamekaa miaka wakimhesabia mgonjwa hatua zake, na yeye mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, alimwambia maneno yale getini. Alisema anataka kumtapikia kila mmoja wao, akianza na yeye mwenyewe.

Dobi alisema alishakwenda hospitali, na ni kweli. Mwaka uliopita moyo ulikuwa ukimwenda mbio akaenda. Daktari alikitazama kipande cha karatasi, hakumtazama yeye, akamwambia moyo wake mzima, apunguze mawazo. Apunguze, kana kwamba mawazo ni chumvi.

Safari hii binti alimpeleka kwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyepewa chumba kimoja na mizani mbovu ya watoto. Yule mama hakumwambia apunguze chochote. Alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ukirudi ukaikuta imezimwa, unatulia kwa muda gani?"

Dobi alifikiri. Alisema zamani ilikuwa mpaka kesho yake. Siku hizi ni mpaka penye muuza matunda.

"Basi kurudi si dawa. Kurudi ndiko kunakoulisha huo ugonjwa."

Akamweleza kwa maneno mepesi. Hofu hupanda, ikifika juu huchoka yenyewe, halafu hushuka. Dobi hajawahi kuiona ikishuka kwa sababu kila mara huwa ameshageuka njiani. Kazi yake sasa ni kuzima mara moja, kutazama mara moja, kuondoka, na sauti ikija asibishane nayo wala asiitii. Atazame saa. Asimame na hofu yake dakika kumi, wiki ijayo ishirini, mpaka aone kwa macho yake inavyoshuka. Na watu wa nyumbani waache kumwambia "umezima," kwa sababu hilo nalo ni kurudi, ila ni kurudi kwa mdomo. Mkewe aliposikia hayo aliinamisha kichwa. Miaka yote alidhani anampa maji, kumbe anamchochea moto.

Mwisho dobi aliuliza jambo lililomleta hasa. Je, akifanya yote hayo, atakuwa na uhakika?

"Hapana," muuguzi alisema. "Hakuna aliye nao. Hata mimi sijui kama nimefunga bomba nyumbani leo. Sijui, na nipo hapa nazungumza na wewe."

Dobi alitoka pale amekasirika, na hasira hizo zilimfanyia kazi kuliko dawa nyingi. Miaka saba alikuwa akitafuta kitu ambacho hakuna binadamu aliyekuwa nacho. Yule mkurugenzi kwenye zulia lake alimdai uhakika kabisa, yeye ambaye hakuwa na uhakika hata wa soketi zake mwenyewe, na dobi alikuwa ameinama kama mwizi kwa sababu hakuwa nao. Alitembea hadi nyumbani akizungumza peke yake, na waliomwona walipata jambo jipya la kuchekea.

Alianza mazoezi. Siku ya kwanza alisimama penye meza ya matunda dakika kumi, jasho likimtoka, macho kwenye saa, mpaka muuza matunda akadhani anamngoja mwanamke akamuuliza kama atakuja kweli. Dakika ya nane hofu ilishuka kidogo. Kidogo tu, lakini aliiona. Wiki ya tatu alifika nyumbani bila kugeuka. Zipo siku alianguka akarudi mbio, na muuguzi alimwambia kuanguka si dhambi, ainuke tu aendelee.

Jambo moja alilificha. Muuguzi alimuuliza, "Na simu je?" naye akasema, "Simu gani?" Kinyozi alimbakiza. Aliacha kurudi kwa miguu, akaacha kumuuliza mkewe, lakini mara moja kwa siku, akiwa msalani au nyuma ya nyumba, alipiga ile simu akaisikia ile sauti ikisema imezimwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mwaka mwingine ukapita, binti akamaliza chuo. Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Siku ya kuhitimu, kila muuguzi mpya huingia ukumbini na gauni jeupe bila mkanda, mkanda ameushika mkononi. Jina lake linaitwa, na la mzazi mmoja linaitwa, na mzazi huyo hupanda kumfunga mkanda mbele ya watu. Jina la mzazi huandikwa kwenye fomu mwezi mmoja kabla na halibadilishwi. Mama alimshauri binti aandike lake, ili kuepusha shari. Binti aliandika la baba. Mama akamuuliza itakuwaje akiitwa asiwepo, na binti akasema atasimama pale na mkanda wake mkononi mpaka watu wachoke kumtazama.

Halafu akaongeza la kuongeza. Gauni lenyewe alilileta dukani kwa baba yake. Mama alisema mji mzima una madobi, kwa nini ampe yeye asubuhi ya siku ile ile. Binti akajibu kwamba ana baba dobi, na hajawahi kuona mtoto wa seremala akinunua kiti dukani.

Asubuhi hiyo dobi alifungua duka saa kumi na mbili. Alilinyoosha gauni lile taratibu, mikono, kiuno, pindo, akatia wanga kidogo kwenye kola. Alichomoa plagi, akatundika waya, akatazama mara moja. Mkewe alikuwa nje na begi. Dobi alilitundika gauni mlangoni kwenye mwanga, na hapo akaona mkunjo chini ya kola, mdogo kama ukucha. Mtu mwingine asingeuona. Yeye aliuona, na dobi gani angeuacha? Alirudi ndani, akachomeka tena, akaupitisha mdomo wa pasi mara mbili, gauni likawa safi. Mkewe akamwambia basi linakuja. Wakatoka.

Alipita penye meza ya matunda bila kusimama. Walikaa kwenye basi saa nzima na nusu, wakampa binti gauni lake mlango wa nyuma, wakaingia ukumbini wakaketi safu ya tano. Majina yalianza kuitwa. Walikuwa wahitimu sitini na wawili, na binti yake alikuwa wa arobaini na moja. Wa kumi alipofungwa mkanda, dobi akakumbuka ule mkunjo.

Alichomoa mara ya kwanza, hiyo aliikumbuka. Mara ya pili je? Aliona mkono wake ukitundika waya, lakini ulikuwa wa mara ya kwanza au wa pili? Ukumbi ulikuwa na mapanka yanayozunguka na yeye aliloa jasho. Safari hii haikuwa hofu ya bure, alijiambia. Safari hii kulikuwa na sababu. Huo ndio uhodari wa huo ugonjwa, kila siku una sababu mpya na kila sababu ni ya kweli kuliko ya jana.

Mhitimu wa kumi na tisa alipoitwa, dobi alinyanyuka, akatoka mpaka getini, akampigia kinyozi.

"Imezimwa, ndugu yangu," kinyozi alijibu, na nyuma yake mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma.

Dobi alisikia ile mashine. Aliuliza kinyozi yuko wapi. Aliuliza amechungulia saa ngapi, maana simu haijamaliza hata kuita mara mbili. Aliuliza waya ulikuwa umetundikwa upande gani wa msumari. Upande wa pili mashine ikazimwa.

"Sijachungulia," kinyozi alisema. "Sijachungulia tangu mvua za mwaka juzi. Mwanzo nilikuwa navuka, wallahi nilikuwa navuka. Lakini nikivuka au nisivuke, baada ya robo saa unapiga tena. Nikaona bora nikujibu harakaharaka ndiyo unatulia. Nina mtu kwenye kiti, ndugu yangu, nusu kichwa."

Dobi alimtukana. Alimtukana kwa matusi ambayo hakujua kwamba anayajua, pale getini, amevaa suti, walinzi wawili wakimtazama. Miaka miwili! Miaka miwili anakabidhi duka lake, nguo za watu, usingizi wake, kwa mtu asiyevuka hata barabara. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akimfulia hata hayo mashuka ya kunyolea. Alikata simu akageukia barabara, na basi lilikuwa pale, mlango wazi, kondakta akiita abiria. Angeweza kuifikia pasi kabla ya saa sita. Angeweza kumfikia na kinyozi.

Mkewe alikuwa amemfuata. Alisimama hatua mbili nyuma yake, pochi mkononi, akimtazama yeye, basi, na yeye tena.

"Niambie tu nimezima," dobi alisema. "Mara hii moja."

"Sikuambii." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira, na hasira hizo zilikuwa za miaka minane. "Nilikuambia mara elfu, hukushiba. Sijui kama umezima. Basi hilo hapo. Mtoto wako yuko kule ndani na mkanda mkononi. Mimi naingia."

Akaingia kweli. Hakugeuka kutazama.

Dobi alibaki kati ya geti na barabara. Alitoa saa. Moyo ulikuwa ukipiga hadi kwenye meno. Alimwona kichwani mlinzi wa kiwanda na mikono yake, akaona kola za mashati zenye nyuzi za rangi zikiwaka moja moja. Akaendelea kumtukana kinyozi kichwani humo humo, na katika kumtukana akajikuta amefika mahali asipopatazamia. Siku ngapi hizo, tangu mvua za mwaka juzi? Mamia. Mamia ya siku hakuna mtu aliyechungulia. Alikuwa amelala, amekula, ameamka, akiamini kuna jicho dirishani, na dirishani hapakuwa na mtu. Na duka lilikuwa limesimama. Halikusimamishwa na kinyozi, wala halikusimamishwa na simu yake.

Alitaka kucheka, lakini alikuwa amekasirika mno. Hilo halikumwambia kwamba leo amezima. Leo kulikuwa na mkunjo. Leo huenda meza inaungua saa hii hii. Aliitazama saa, dakika ya sita, dakika ya tisa. Basi liliondoka. Hofu haikuondoka nalo, ila kwenye dakika ya kumi na mbili ilishuka kidogo, akaweza kuinua mguu, na kipaza sauti kikasema namba arobaini.

Alipoingia, jina la binti lilikuwa limeshaitwa. Alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, gauni limenyooka, kola imesimama, mkanda umelala juu ya viganja vyake viwili. Jina la baba likaitwa. Halafu likaitwa tena, na watu wakaanza kugeuza shingo, kama walivyogeuza siku ya mahafali ya sekondari, na mama akiwa kwenye safu ya tano hakugeuza yake.

Dobi alipita katikati ya viti. Hakuna aliyempisha vizuri, akawakanyaga wawili. Alipanda ngazi. Aliuchukua mkanda, lakini kishikizo kikagongana na tundu lake mara mbili, mara tatu. Binti aliona. Aliinama kidogo kama anayemsaidia, akamuuliza kwa sauti ambayo ukumbi haukuisikia.

"Baba, pasi umezima?"

"Sijui," alisema dobi.

Miaka minane hakuwahi kulitamka neno hilo. Kwenye zulia la mkurugenzi lilikuwa ndilo jibu la kweli, na hakuna aliyemruhusu kulitoa. Kishikizo kikaingia. Akaukaza mkanda, akaulaza mkunjo mmoja wa kiunoni kwa kidole gumba, kama dobi, na binti akamshika ule mkono akauacha pale pale mpaka jina la arobaini na mbili lilipoitwa.

Walikuwa nje, wanangoja mpiga picha, simu ilipoita. Ilikuwa ya kinyozi. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Alisema amemwacha mteja wake kitini, amevuka barabara kwa miguu yake mwenyewe, amesimama dirishani, safari hii kweli, Mungu shahidi, na pasi ile ime—

"Usiniambie," dobi alisema.

Mkewe na binti yake walimtazama. Jasho lilikuwa bado linamtoka mgongoni, na ile sauti ya upole ilikuwa bado inamsihi akubali kuambiwa, mara hii tu, mara ya mwisho.

"Usiniambie wewe. Nenda kamalize kichwa cha mtu. Na kesho nikija kunyoa, mashine atashika mwenzako."